Kabla Kisu Hakijagusa Mkanda

Vijana wangu wa duka la simu mtaa wa Aggrey, swali mlilomtuma mjukuu wangu Idrisa nimelipata. Alinipa shikamoo yake vizuri, nikaitikia marahaba, akakaa, kisha akaanza kuzunguka maneno mpaka nikamwambia aseme alichojia. Akasema yeye na wenzake wawili wanataka kuacha kazi ya dukani. Hawataki kubeti kama watu wanavyobeti, kuweka mkeka na kusubiri muujiza. Wanataka kununua dau likiwa la bei ya chini na kuliuza kwenye simu hiyo hiyo likipanda, mpira ukiwa bado unachezwa. Nani atashinda hawajali. Wanataka kujua kama mtu anaweza kuifanya hiyo kazi ya kila siku, akalipa kodi na akalisha watoto.

Wazazi wenu mmeshawauliza, na najua walivyowajibu. Mmekuja kwangu kwa sababu Idrisa amewaambia kuwa babu yake aliwahi kuifanya kazi hiyo wakati simu za mkononi hazijafika. Ni kweli. Mimi dau langu halikuwa mpira, lilikuwa belo la mitumba. Nawaandikia kwa vipande, maana nikikaa kwenye kiti muda mrefu miguu inaanza kunidai. Nikiruka huku na kule mnivumilie.

Kwanza mjue belo. Nilipofika mjini kutoka Masasi, nguo mpya ilikuwa ya kupanga foleni, na ile iliyokwisha kuvaliwa tuliiita kafa Ulaya, mtu akiinunua anaificha kwapani. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza mali kutoka nje. Makontena yakashuka bandarini, na Mchikichini ikafurika suruali mpaka watu wakakosa pa kupita. Nguo hizo zilikuja zimebanwa kwa mashine huko zilikotoka, zikavikwa gunia na kufungwa mikanda ya bati. Hilo ndilo belo. Unalinunua likiwa limefungwa, na ukishalinunua ni lako na balaa lake.

Mimi nilikuwa nachukua kwa Jayanti, Mhindu mwenye stoo kwenye uchochoro nyuma ya soko la Kariakoo. Familia yake iliuza vitambaa tangu enzi za babu yake, na mitumba ilipoingia yeye alikuwa wa kwanza kuona kwamba vitambaa vimekwisha habari yake. Alikuwa na sheria mbili, hakuna kufungua na hakuna kurudisha. Ukienda kulalamika kwamba umekuta mapazia matupu, anakumiminia chai ya maziwa, anakusikiliza mpaka unachoka, halafu anasema, "Chande, mimi nauza gunia na mikanda. Kilichomo anakijua aliyefunga, na huyo hata mimi sijamwona." Chai yake ilikuwa tamu, kwa hiyo watu walikuwa wanaenda kulalamika hata kama belo lilikuwa zuri.

Belo zima lilikuwa kubwa kwa mfuko wa mtu mmoja. Tulikuwa tunachanga watu kadhaa, kila mmoja na fungu lake. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipozaliwa. Kutoka stoo ya Jayanti mpaka Mchikichini belo lilipakiwa kwenye mkokoteni, likapitishwa barabara ya Uhuru, na njia nzima watu wanaliandama. Wanaligusa, wanalinusa, wanaligonga kwa kiganja. Mwenye fungu akiingiwa na hofu, analiuza pale pale barabarani. Aliyekosa fungu akiamini belo ni zuri, analinunua kwa bei ya juu kuliko ile ya stoo. Bei ilipanda na kushuka hivyo mpaka mkataji wa mikanda anapotoa kisu. Kisu kikishagusa mkanda, hakuna tena kuuza wala kununua. Aliyeshika fungu wakati huo ndiye anayegawana nguo, ziwe jinzi au takataka. Na wale wasio na fungu waliweka dau lao pembeni, huyu anasema suruali, huyu anasema makoti.

Kwa hiyo mtu mwenye miguu myepesi aliweza kununua fungu stoo, akaliuza sokoni kabla ya kisu, akaondoka na faida bila kushika hata soksi. Mtu huyo alikuwepo. Aliitwa Kondo, Mzaramo wa Ilala, mrefu, shati limechomekewa siku zote, na wala hakuwa na meza. Ndiye aliyenifundisha kusoma belo.

Kondo alinifundisha kuanza na pembe. Unabonyeza pembe ya belo kwa kidole gumba, kisha unaachia. Pembe ikibaki imebonyea, ndani mna pamba nyepesi, mashati na magauni. Ikirudi juu polepole, hayo ni masweta na makoti ya sufu, kimbia. Ikiwa ngumu kidole hakiingii kabisa, hiyo ni jinzi, shika fungu lako na usimsikilize mtu. Baada ya pembe, pua. Belo likinuka dawa ya nondo limetoka kabatini, na huko Ulaya kinachofungiwa kabatini ni makoti. Wengine walikuwa wanachoma spoku ya baiskeli ndani ya gunia, wanaizungusha, wanaichomoa na kuangalia uzi ulionasa ni wa rangi gani. Jayanti aliipiga marufuku, na mlangoni pake akawa anapapasa mikono ya mashati yetu kama askari. Mimi ya kwangu nilikuwa naiweka ndani ya soksi. Siku moja ilinichoma kifundo cha mguu mbele yake, nikabaki namwitikia habari za familia huku machozi yananitoka. Aliniuliza kama nina msiba.

Jambo la mwisho alilonifundisha Kondo sikulielewa wakati ule. Alisema ukishauza fungu, geuka uende, usitazame kisu. Mimi nilikuwa natazama. Nauza fungu langu kwa faida nzuri kabisa, halafu nasimama nyuma ya watu kuona nini kinatoka, na zikitoka jinzi za bluu moyo unaniuma kana kwamba nimeibiwa. Kondo alikuwa ameshafika kwa Jayanti tena, anabonyeza pembe nyingine.

Sasa niwaambie nilichokuwa nacho mkononi, ili mjue nilikuwa nacheza na nini. Mimi na mke wangu, Mama Asha, tulikuwa na meza Mchikichini, mstari wa pili kutoka barabarani. Ya mbao, mguu mmoja umefungwa kamba. Msiicheke. Tuliipata baada ya kutembeza nguo mabegani mpaka kisogo kikaota sugu, na mstari ule meza haikupatikana mpaka mtu afe au arudi kwao. Ukiiachia hairudi. Jirani yetu Shirima, muuza viatu, alitaka kupanua biashara yake, akaja na bei ambayo sikuitegemea. Alitaka jibu Ijumaa ya kwanza baada ya Idi.

Nami nilitaka kuiuza. Nasema wazi, nilitaka sana. Meza ilikuwa inaninyonga. Mteja anakuja, anashika shati, analinusa, anaulizia bei, anasema ghali, anaenda, anazunguka soko zima, anarudi, anauliza bei tena kana kwamba hatujawahi kuonana. Wakati huo Kondo ameshanunua, ameshauza na ameshakunywa soda. Nilikuwa najihesabia: hela ya Shirima ninaigeuza mtaji, nanunua mafungu mengi kila asubuhi, nauza kabla ya adhuhuri, mchana nimelala kwangu Buguruni. Kichwani ilikuwa hesabu safi kabisa.

Sikuwa mjinga wa kuruka bila kujaribu. Nilimwambia Mama Asha ashike meza peke yake mwezi wote wa Ramadhani, mimi nifanye kazi ya Kondo tupu, tuone. Hakubisha. Aliniuliza tu kama nitakuwa narudi kufuturu. Nikasema nitarudi.

Nilirudi, lakini hamkuniona nilivyokuwa narudi. Nafuturu nimesimama, tende mkononi, sikio liko nje. Nikisikia magurudumu ya mkokoteni moyo unaruka, nataka kujua hilo belo la nani na fungu ni bei gani. Nasali tarawehe huku najumlisha. Asha, mwanangu, alikuwa ndiyo anaanza kusoma, ananionyesha herufi zake, namwambia nzuri, kumbe daftari nimelishika juu chini. Sikuwa na huzuni, msinielewe vibaya. Nilikuwa na raha ya ajabu, ile ya mtu anayekimbia na hajui kama anafukuza au anafukuzwa. Faida ilikuwa inaingia karibu kila siku. Nikaanza kuchomekea shati.

Nilimuuliza Kondo, tumekaa kwa muuza kahawa pale mtaa wa Gerezani baada ya futari, kama mtu anaweza kuishi hivi maisha yote.

"Kuishi unaishi," alisema. "Mimi si naishi? Ila hii kazi haina jana, Chande. Kila asubuhi mimi ndiyo kwanza nimefika mjini."

Mimi nilisikia ile sehemu ya kwanza tu.

Kosa langu, na hili naomba mlisome polepole, lilikuwa la kujipima mwezi wa Ramadhani. Kila mzazi wa mji huu anatafuta nguo ya sikukuu ya mwanawe. Kila mwenye meza anataka mali. Mafungu yanapanda bei kuanzia stoo mpaka kwenye kisu, siku zote, ya belo zuri na ya belo baya. Hata mbuzi angepata faida mwezi ule kama angejua kusema nauza. Mimi nikadhani ni kidole changu gumba. Na nyinyi mnaniambia mmejaribu miezi michache mkafanya vizuri. Sawa. Miezi gani hiyo?

Kosa la pili lilikuja likiwa limejificha ndani ya la kwanza. Karibu na mwisho wa mfungo yalianza kuingia mabelo mafupi, madogo kuliko tuliyoyazoea, lakini uzito ule ule. Huko yalikotoka walikuwa wamepata mashine mpya zinazobana zaidi. Mimi niliona kwamba wapagazi wanafurahi kwa kuwa yanapakilika vizuri, basi, sikuona zaidi. Mama Asha ndiye aliyeona. Yeye alikuwa anakaa mezani, mabelo yanakatwa mbele ya macho yake, nguo zinaangukia miguuni pake. Jioni moja akaniambia, huku anachuja nazi, kwamba siku hizi belo gumu si jinzi, mashine inabana kila kitu mpaka kinakuwa jiwe, hata sweta. Nilimwambia hizo ni habari za mezani, mimi niko kwenye biashara nyingine. Aliendelea kuchuja nazi yake.

Idi ikapita. Jumatano yake asubuhi niko kwa Jayanti, nikabonyeza pembe ya belo moja, kidole hakikuingia hata kidogo. Nikabonyeza pembe ya pili, ya tatu, zote mwamba. Harufu ya nondo ilikuwepo, lakini nikajiambia stoo nzima inanuka nondo. Wenzangu wanachanga fungu moja moja, mimi nikachukua langu, kisha nikanunua na yao. Nikaenda nikachukua faida yangu yote ya Ramadhani, nikalinunua belo zima peke yangu. Jayanti aliponimiminia chai sikuinywa. Nilikuwa na haraka.

Barabara ya Uhuru nilitembea mbele ya mkokoteni kama bwana harusi. Hakuna aliyeuliza bei. Tulipofika sokoni nikatangaza mafungu yangu, watu wakaja, wakabonyeza pembe, wakatikisa kichwa, wakaondoka na salamu nzuri. Nikashusha bei mpaka ile ya stoo. Nikashusha chini ya stoo. Nilimwona Kondo upande wa pili, nikamwita kwa mkono. Akaja, akabonyeza mara moja, akanishika bega.

"Hili ni la mashine mpya, ndugu yangu. Wenye meza wote wanajua. Mimi mwenyewe nimeambiwa jana, baada ya kuliwa hela."

Kisha akageuka akaenda, kwa sheria yake ile ile.

Mwenye fungu haruhusiwi kuchelewesha kisu, kwa sababu mkataji ana wengine wanaomsubiri. Mkanda wa kwanza ulipokatika lile belo lilipasuka, maana lilikuwa limebanwa kwa hasira, na makoti yakamwagika mpaka njiani. Ya sufu, meusi na ya kijivu, mengine yana manyoya shingoni. Jua la Dar mnalijua. Walioweka dau pembeni kwa makoti walishangilia, na mmoja alinipa mkono wa pongezi bila kujua kuwa mali ni yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Alhamisi sikutoka ndani. Ijumaa, baada ya swala, nikaenda sokoni kuonana na Shirima. Nilikuwa nimeshaamua. Mnaweza kudhani belo lile lilinifundisha kitu, lakini aliyepigwa hivyo hafundishiki kesho yake. Nilichokiona mimi ni kwamba nimekosa belo moja, kidole nitakinoa upya, na hela ya meza itanirudisha kwa Jayanti Jumamosi asubuhi. Ningelipata lote ndani ya mwezi. Hayo ndiyo niliyokuwa nayarudia mdomoni njia nzima kutoka msikitini, kwa nguvu kidogo, mpaka mama mmoja muuza samaki akanipisha.

Shirima alikuwa ameshafika. Amesimama kando ya meza yetu na bahasha ya kaki kwapani, ana adabu zake, anasubiri. Mezani hapakuwa na shati hata moja. Mama Asha alikuwa ametandaza makoti yangu yote, ameyapiga pasi ya mkaa, ameyapanga kwa ukubwa, na mbele yake wamesimama watu watatu wa malori. Ni wale wanaoshusha viazi Kariakoo kutoka Njombe na Makete, halafu wanarudi kwao usiku kwenye baridi inayopasua midomo. Aliwafuata mwenyewe asubuhi sokoni, wakati mimi nimelala nimeukabili ukuta.

Utingo mmoja, kijana mnene, alikuwa amevaa koti la manyoya mpaka kidevuni. Jasho linamchuruzika puani, na anacheka kwa furaha.

"Mama, hili nachukua," alisema. "Na baba yangu naye nimpelekee. Mna mpaka lini haya?"

"Tupo hapa hapa," Mama Asha alisema. "Yasipoisha mwezi huu yataisha wakati wa kipupwe. Ukirudi na viazi utayakuta."

Mimi kwenye kazi yangu sikuwahi kumwambia mtu neno kama hilo. Fungu langu lilikuwa na maisha ya kutoka stoo mpaka kwenye kisu, basi. Makoti yale yale yaliyoniua Jumatano, yeye alikuwa na uwezo wa kuyasubiria baridi. Nililiona hilo, na sitaki mdhani kwamba lilinituliza. Lilinitia wivu na hasira. Nikamtazama Shirima, nikaitazama bahasha, na mkono wangu ukaanza kuinuka.

"Baba Asha," mke wangu alisema bila kugeuka, "mshikie huyu bwana hilo koti jingine alijaribu. Halafu umjibu Shirima, anatusubiri tangu adhuhuri. Ukiuza, uniambie mapema, nijue hawa niwaelekeze wapi."

Nikalishika koti. Yule mtu akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akataka kubwa zaidi. Nikashika jingine. Wakaja wengine wawili waliosikia habari kule kwenye malori. Mwenye kioo alikuwa mmoja tu sokoni, nikatumwa nikaazime. Niliporudi Shirima alikuwa bado yupo, nikamwambia anipe dakika. Nikashika koti, nikakunja koti, nikahesabiwa chenji nikampe mtu.

Shirima aliondoka alasiri, na bahasha yake. Sikumwambia hapana. Mpaka leo hii sijamwambia hapana, na yeye amekwisha kufa. Meza ile ndiyo iliyomsomesha Asha, mama yake Idrisa, na mimi nilistaafia pale, nikitumwa na mke wangu kwa Jayanti kununua belo ambalo yeye ameshaamua ni la pembe gani. Kondo naye aliishi kwa mafungu mpaka wenye stoo walipoanza kuuza nguo zimechambuliwa, hapo akahamia kwenye kuuza na kununua dola, na sikumsikia akilalamika. Kwa hiyo jibu la swali lenu ni ndiyo, inawezekana, na mimi si mtu wa kuwaambia msithubutu.

Nawaambia tu ilivyokuwa jioni ile. Malori yameondoka, soko limepungua, nikaketi juu ya rundo la makoti kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame. Nilikaa kidogo tu. Mstari wa jirani wakaanza kutangaza mafungu ya belo, bei inapanda, watu wanakimbia, nami nikajikuta nimeshasimama. Mama Asha alinitazama miguu, kisha akaniwekea sindano na kifungo kiganjani, na koti lililokatika kifungo.

"Lishone hilo kwanza," alisema, "ndiyo uende."

Uzi haukuingia kwenye tundu mpaka wale wa belo walipokwisha kukata mkanda.